Pilipili Jikoni kwa Mwalimu Tak

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jina langu ni Pyo Dong-ha, naishi namba 302 katika jengo la ghorofa tano lisilo na lifti, mjini Wonju, Korea. Katika hadithi ya wiki iliyopita niliwaachia mama yangu amelala chali kwenye barafu, ndoo ya mabaki ya chakula imemwagika kando yake, kifundo cha mkono kimevunjika. Wiki ile aliyoanguka nilikuwa nimeachishwa kazi kiwandani. Nilimnyanyua, nikaapa kwamba ndoo ile hataibeba tena.

Kiapo nilikitimiza. Ndicho kilichoniharibia.

Mkono wa mama ulipona ukiwa umepinda. Ndoo nikaishika mimi. Kila jioni nilishuka nayo hadi kwenye pipa la mabaki lililo uwanjani, lile linalopima uzito. Unagusisha kadi, kifuniko kinafunguka, unamwaga, kisha sauti ya mwanamke aliye ndani ya mashine inatangaza gramu zako mbele za watu.

Mbele ya mtu mmoja hasa. Mwalimu Tak wa 102, mstaafu na mgane, alikuwa na benchi lake hatua sita kutoka kwenye pipa. Mwalimu Tak ndiye baba yake Yu-gyeong. Na Yu-gyeong ndiye niliyetaka kumwoa.

Jioni ya kwanza mashine ilitangaza, "Gramu mia nane."

"Gramu mia nane," Mwalimu Tak akarudia, akawageukia wazee wawili waliokaa naye. "Kijana wa 302 siku hizi amepata kazi."

Wazee wakacheka hadi wakakohoa.

Nilivumilia masika, nikavumilia kiangazi. Kila jioni alikuwa na neno jipya. "Leo umechelewa kuripoti." "Mwajiri wako anakulipa likizo?" Mimi ni mtu ambaye maneno ya kujibu humjia upesi, tena yenye vina. Lakini baba wa mpenzi wako huwezi kumjibu. Unameza, unapanda ngazi masikio yakiwaka.

Septemba ilipofika nikamwambia mama, "Kesho tunakwenda kununua mashine ya kumaliza mabaki hapahapa jikoni."

"Kwa ajili ya mkono wangu?"

"Kwa ajili ya mkono wako."

Huo ndio uongo wa kwanza. Mkono wake ulikuwa umekwisha pumzika miezi sita.

*

Dukani alitupokea muuzaji aitwaye Bang Ki-cheol, mwenye tai fupi na maelezo marefu. Alituonyesha mashine tatu.

"Hii inakausha. Unatia mabaki, unafunga, baada ya saa sita unakuta unga."

"Saa sita zote inafanya nini?" mama akauliza.

"Inapasha moto, mama."

"Yaani mimi nakaanga samaki mara moja, yenyewe inaendelea kumkaanga mpaka asubuhi."

Bang akasogea kwenye ya pili. "Hii ina vijidudu hai. Vinakula kila kitu, havina harufu."

Mama akaipenda palepale. "Kama nguruwe wa bibi yangu. Dong-ha, nataka hii."

"Ila havitaki chumvi wala pilipili," Bang akasema. "Ukivipa kimchi vinakufa."

Mama, ambaye kila mlo wake una kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, akaitazama ile mashine kwa huruma. "Basi hivi vimekosea nchi."

Ya tatu ilikaa chini ya sinki na kusaga. Hapo Bang alisema maneno ambayo nayaandika yote, msije mkamlaumu asiye na kosa. Alisema tuchague mota yenye nguvu, kwa sababu majani ya kabichi yana nyuzi na mota dhaifu hukwama. Alisema tuchague ya chuma kisichoshika kutu. Alisema kwa mtu mwenye mkono mbovu, tuchukue ile ambayo haizunguki mpaka kifuniko kifungwe, asije akasahau vidole ndani. Mifupa, magamba ya kome na maganda ya vitunguu visiingie humo kabisa.

Kila neno lilikuwa sahihi. Nilichagua mashine sahihi. Nakwambia hadi leo, mashine ile haikuwa na kosa.

"Na hiki?" nikauliza. Kando yake palikuwa na chombo cha chuma chenye matundu, kama sufuria.

"Kichujio. Kinafungwa baada ya mashine. Sheria inataka sehemu nne kati ya tano za mabaki zibaki humu, moja tu ndiyo iteremke na maji. Kila siku ya pili unatoa mfuko wake, unaupeleka kwenye pipa."

"Pipa lipi?"

"La nje. Lilelile."

Niliona benchi. Niliona wazee watatu wanageuza shingo.

"Sasa hapo nimenunua nini?"

"Umenunua ndoo ndogo zaidi," Bang akasema.

Mama akacheka. Mimi sikucheka. "Hakuna watu wanaokitoa?"

Bang akainama kurekebisha tai yake, ingawa haikuhitaji. "Wapo wanaokitoa. Na wapo wanaoishi chini yao."

*

Fundi alikuja Alhamisi. Alifunga mashine, akafunga kichujio, akaacha juu yake utando wa plastiki ya bluu, ule unaobandikwa kwenye vyombo vipya vya chuma visichubuke. "Ubandueni kabla ya kutumia," akasema, akaondoka.

Hajafika chini ya ngazi nilikuwa nimeshika bisibisi. Skrubu mbili na kipande cha bomba, basi. Kichujio nikakizungushia gazeti, nikakiweka juu ya kabati la nguo na utando wake wa bluu.

Mama alikuwa mlangoni. "Inameza vyote?"

"Vyote."

"Na ile sufuria yenye matundu?"

"Ya akiba tu."

Alibonyeza mashine kwa kidole cha mkono uliopinda. Ikanguruma, maganda ya figili yakatoweka. Akanitazama kama nilivyotaka Mwalimu Tak anitazame. "Mwanangu anajua mambo," akasema.

Sifa ile ilinipanda kichwani. Wiki ya pili akapanda Mama Ha-yul wa 202. Huyu aliolewa hapa kutoka Vietnam miaka tisa iliyopita. Ni mpangaji, anafanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi, na mumewe yuko melini karibu mwaka mzima. Aliona mashine yetu, akaitaka. Nikampeleka kwa Bang, na fundi alipomaliza kuifunga nikashuka na bisibisi yangu.

"Kaka Dong-ha, fundi amesema hii isitolewe."

"Hii inakuongezea kazi, Mama Ha-yul."

"Watu wa hapa wote wanatoa?"

"Wote."

"Hakuna shida?"

"Mimi nimefanya kazi na mashine miaka saba. Ingekuwa na shida ningekwambia."

Akaniachia nikafungua. Alisema asante mara mbili, akanipa mapapai mawili madogo yaliyotoka kwao. Kichujio chake alikipeleka mwenyewe kwenye chuma chakavu, kwa kuwa mimi nilimwambia hakitakiwi.

*

Oktoba Yu-gyeong alimwambia baba yake kwamba tunataka kuoana. Niliitwa 102. Nilipiga magoti juu ya mkeka, mikono mapajani.

"Huna kazi," Mwalimu Tak akasema.

"Natafuta, Mwalimu."

"Unajua kufanya nini?"

"Naelewa mashine."

"Mashine ya kupima mabaki unaielewa, hilo nimeliona."

Yu-gyeong akaweka chai chini kwa kishindo. "Baba."

Mzee akapuliza chai yake. Kisha akasema, "Jumamosi ya mwisho ya Novemba ni siku ya kumkumbuka mama yangu. Tukishamsujudia, njoo ule nasi mabaki ya meza yake. Nitakutazama unavyokula pale. Jibu nitakupa hapohapo."

Basi nilichokitaka duniani kilikuwa kimewekwa kwenye bakuli moja la wali, na tarehe yake imetajwa.

Lazima niseme jambo moja. Chakula cha meza ya marehemu kwetu hakitiwi pilipili wala kitunguu saumu. Harufu hiyo hufukuza roho. Anayekuja kula kwako ni mama yako, umemwandalia mwaka mzima, halafu unamfukuzia mlangoni. Mwalimu Tak alikuwa mkali sana katika hilo. Yu-gyeong aliniambia kwamba siku mbili kabla ya kumbukumbu, hata chupa ya pilipili hutolewa jikoni.

*

Jumamosi ile ile mama alipokea kabichi arobaini zilizokwisha kulowekwa kwenye chumvi, za kimchi ya majira yote ya baridi.

"Leo, mama? Leo hii?"

"Kabichi hazichagui siku. Tena ni vizuri. Kesho nitampelekea Mwalimu mtungi mzima. Mkwe hawezi kwenda mikono mitupu."

Tangu asubuhi tulikaa sakafuni na glavu za mpira hadi kwenye viwiko. Mama alichanganya unga wa pilipili, uduvi wa chumvi, tangawizi, na vitunguu saumu ambavyo mimi nilivisaga hadi macho yakafura. Majani ya nje ya kabichi, mikia ya figili, rojo lililobaki kwenye mabeseni, vyote vilikwenda kwenye sinki. Mama alikuwa anafunga kifuniko, anabonyeza, anafungua, anajaza tena. Alikuwa na furaha. Miaka yote alishusha uchafu wa siku hii kwa ndoo saba au nane.

Saa tisa mchana sinki lilitoa sauti ya mtu anayesukutua koo.

"Mbona linaguguma?"

"Limeshiba," nikasema, na tukacheka.

Saa kumi nilikuwa napiga pasi shati jeupe. Simu ikalia.

"Kaka," Yu-gyeong akasema, kama msichana wa kwetu anavyomwita mpenzi wake. "Shuka."

Mlango wa 102 ulikuwa wazi. Yu-gyeong alikuwa amesimama katikati ya jiko na soksi zimelowa. Siku mbili alikuwa amekaa kwenye sakafu ile peke yake, akikaanga vipande vya samaki na maboga, akichemsha mizizi, akipanga pea na njugu na tende. Vyote vilikuwa kwenye vikapu vilivyotandikwa karatasi safi, chini, tayari kupelekwa mezani.

Sinki lilikuwa limetapika. Rojo jekundu lilikuwa limefurika ukingo, limeteremka kwenye kabati, limetambaa hadi kwenye vikapu, na bado lilikuwa linakuja. Harufu ya kitunguu saumu ilinipiga usoni. Niliijua. Ilikuwa kwenye vidole vyangu.

Mwalimu Tak alisimama kizingitini na vazi lake jeupe la ibada. Hakufoka. Nilitamani angefoka.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Miaka kumi na tisa mama yangu hajawahi kukuta hata punje moja."

Kisha akanigeukia. "Ulisema unaelewa mashine. Zuia."

Nikakimbia. Niligonga kila mlango wa mstari wetu, nyumba tano zilizopandana na kutumia bomba moja la jikoni, nikiwaambia wafunge maji. Wa mwisho kufunga alikuwa mama yangu, aliyekuwa anasuuza mabeseni huku akiimba.

Nilirudi chini, nikapiga magoti, nikachota rojo lile kwa mikono na sufuria. Yu-gyeong alikuwa anafuta upande wa pili. Tulifuta pamoja. Lilipoacha kupanda, Mwalimu Tak aliniwekea mkono begani. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa.

"Kijana," akasema, "nilikuhukumu vibaya."

Ningesema hapo. Mwanamume angesema hapo. Nilifuta kona ya kabati ambayo ilikuwa safi tayari.

*

Bwana Guk wa ofisi ya jengo alikuja na waya mrefu wenye kamera. Aliusukuma, akauzungusha, akavuta donge la majani mekundu kubwa kama paka.

"Hapa kuna mtu ana mashine isiyo na kichujio," akasema. "Na yuko kwenye mstari huu huu."

"Wiki hii kila mtu anatengeneza kimchi," Mwalimu Tak akasema.

"Kwa hiyo tutafungua makabati yote matano, tuone chini ya sinki."

"Dong-ha atuongoze. Anazijua hizi mashine."

Nilisikia ulimi wangu ukisema, "Nipeni dakika kumi nikabadili nguo. Naanzia juu nashuka nanyi."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nilishusha kichujio juu ya kabati, nikatupa gazeti, nikaingia chini ya sinki na bisibisi mdomoni. Mama alisimama nyuma yangu, glavu bado nyekundu.

"Hiyo si ni ile ya akiba?"

"Mama, nipe tochi."

"Dong-ha. Kule chini ni sisi?"

"Nipe tochi, mama."

Alinipa. Nilikaza skrubu ya pili nikisikia viatu vya Bwana Guk kwenye ngazi.

502 wazee wawili hawakuwa na mashine. 402 dereva wa lori hakuwa hata na sufuria. Tukaingia kwetu, Bwana Guk, Mwalimu Tak, Yu-gyeong na mimi. Mama alisimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Bwana Guk aliinama, akamulika, akainuka. "Kipo. Safi."

"Nilijua," Mwalimu Tak akasema.

Yu-gyeong ndiye aliyebaki ameinama. Alimulika kwa simu yake. Akaingiza mkono, akaurudisha. Alipoinuka alikuwa amefumba kiganja, na aliponitazama nilielewa kwamba katika haraka yangu kuna kitu sikukifanya. Fundi alikuwa ameniambia mwenyewe kwa mdomo wake: ubandueni kabla ya kutumia.

Alitia kiganja mfukoni. Akatangulia kutoka.

202 Mama Ha-yul alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, bado na sare ya kiwanda. Alitufungulia kabati mwenyewe.

Bwana Guk alimulika muda mrefu. "Kichujio kiko wapi, mama?"

"Hakuna."

"Mashine hii huuzwa na kichujio."

"Kilikuwepo. Kimetolewa."

"Mimi sikutengeneza kimchi," akaongeza, akimwona Mwalimu Tak alivyobadilika. "Wiki nzima niko kazini. Jana nimekula tambi, leo sijala."

"Mashine yako haina kichujio," Bwana Guk akasema. "Hayo mengine mimi sina kipimo chake. Nani alikitoa?"

Mama Ha-yul akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alidhani nimenyamaza kwa sababu zamu yangu ya kusema haijafika. "Kaka Dong-ha, waambie."

Wote wakanigeukia. Mwalimu Tak, na vazi lake jeupe lenye doa jekundu kwenye pindo. Yu-gyeong, mkono mfukoni.

Nilikuwa nimebakiza saa mbili nile wali ule.

"Mimi nilimwonyesha duka tu," nikasema.

Sauti ilitoka imenyooka. Hata mimi nilishangaa.

Mama Ha-yul alinitazama kama mtu anayesoma tena anwani ya barua kuhakikisha hakukosea nyumba. Kisha akatazama chini.

"Ungeuliza," Mwalimu Tak akamwambia, kwa sauti ya darasani. "Umekuja nchi ya watu, hujui taratibu. Mtu asiyejua huuliza."

"Niliuliza, Mwalimu," akasema.

Bwana Guk alikuwa anaandika. "Mwenye nyumba atapata barua Jumatatu. Mkataba unajulikana. Mpangaji akichezea mabomba, anahama."

"Baba Ha-yul anarudi Februari."

"Barua haisubiri meli, mama."

Tulitoka. Kwenye ngazi nilitaka kumshika Yu-gyeong mkono. Alihamia upande wa pili wa ngazi.

"Saa moja," Mwalimu Tak akaniambia. "Meza itakuwa na wali na maji safi peke yake. Lakini njoo. Leo umekuwa kama mtoto wa nyumba hii."

*

Mama hakunimalizia kupiga pasi shati lile. Alikuwa amekaa sakafuni kati ya mitungi iliyojaa, kifuniko cha mmoja mikononi.

"Utakwenda?"

"Ameniita."

"Nenda," akasema. "Mtungi sitampelekea."

Saa moja jioni nilivua viatu mlangoni pa 102. Jiko lilikuwa limesuguliwa hadi sakafu imefifia rangi, na madirisha yote yalikuwa wazi, baridi inaingia. Harufu bado ilikuwepo. Yu-gyeong aliosha mchele bafuni kwa sababu sinki halikuaminika. Walikuwa wamekwisha sujudu, na mishumaa ilikuwa imezimwa.

Tulikaa watatu kwenye meza fupi. Juu ya vichwa vyetu, ndani ya 202, hatua za mtu zilikuwa zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi.

"Nilisema nitakutazama," Mwalimu Tak akaanza. "Nimekwisha kukutazama leo, kabla hujafika mezani. Nimemwona mtu aliyepiga magoti kwenye uchafu usio wake." Alisafisha koo. "Mama yangu hakuvumilia uongo. Alikuwa akisema anasikia harufu yake kabla ya ile ya chakula. Nadhani angekupenda. Kula kwanza, kisha nitalisema lile ulilolijia."

Hatua za juu zikasimama.

Yu-gyeong aliweka bakuli la baba yake, akaweka lake, kisha akaweka langu mbele yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mke. Mabakuli yalikuwa ya shaba, yenye vifuniko, yale ya kumbukumbu.

"Karibu, kaka," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu saa kumi.

Mwalimu Tak alifungua lake, mvuke ukapanda. Yu-gyeong akafungua lake, mvuke ukapanda.

Nilifungua langu.

Haukupanda mvuke. Ndani hapakuwa na wali. Palikuwa na utando wa plastiki ya bluu, umekunjwa mara nne vizuri kama leso.

Nilirudisha kifuniko. Shaba ikalia dhidi ya shaba, na mkono wangu haukuweza kukiachia.

Yu-gyeong alishika kijiko chake, akakiweka chini, akasubiri. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, na machoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo, palikuwa na swali moja ambalo alikuwa amelitengenezea nafasi ya kujibiwa.

Mwalimu Tak aliacha kutafuna.

"Kijana," akasema, "mbona umelifunika? Nipe nilione hilo bakuli."

Akanyoosha mkono juu ya meza ya mama yake.